Marahaba Kabla ya Shikamoo

Nianze kwa kusema wazi kwamba nina hasira, asije mtu akafika katikati akauliza mbona huyu mama anafoka. Ninafoka. Nimefoka ndani ya treni kutoka Penrith hadi Westmead, nimefoka jikoni kwangu, nimefoka mapokezi kwenye ofisi ya watu, sakafu inayong'aa mpaka unajiona meno. Mume wangu aliniambia nipunguze sauti, majirani watadhani tunapigana. Nikamwambia waache wadhani.

Wanaonifokesha ni kampuni ya Wakorea inayotengeneza michezo ya simu. Siku hizi ukishuka stesheni yoyote ya huku magharibi mwa Sydney unakutana na bango lao: kijumba mlimani, moshi wa supu, bibi kizee mwenye kikapu anakuchekea. Watoto wa shule wanaucheza mchezo huo, manesi wanaucheza kwenye mapumziko, na nimemwona mchungaji wetu akiufungua chini ya Biblia wakati wa matangazo. Wameinuka, siwanyimi haki yao. Lakini mimi niliwajua wakiwa chumba kimoja juu ya duka la mikate pale Strathfield, watu watatu na feni moja, na hiyo feni ilikuwa inageuka upande mmoja tu.

Aliyenipeleka ni dada mmoja wa Kikorea niliyekuwa nikifanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee karibu na hospitali ya Westmead. Tulikuwa tukiwaogesha wazee pamoja, yeye kichwani, mimi miguuni. Shemeji yake alikuwa mmoja wa wale watatu wa juu ya duka la mikate. Wenye kampuni walikuwa Seoul, na hapa Sydney kazi yao ilikuwa kuuandaa mchezo kwa lugha nyingine. Walikuwa wamesikia kwamba Afrika Mashariki kila mtu ana simu mkononi, kwa hiyo wakataka Kiswahili. Mimi ni mtu wa Tanga, na mama yangu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza mpaka alipostaafu. Wangempata wapi mwingine?

Lakini mabango yao hayanihusu, wabandike hata juu ya paa la kanisa. Hasira yangu inahusu mama yangu na salamu moja tu.

Mama alianza kusahau. Kwanza akawa anatia chumvi mara mbili. Kisha akamwita dada yangu, anayeishi naye kule Tanga, kwa jina la shangazi aliyekufa zamani. Daktari akalitaja jina la ugonjwa, na mimi jina lile nalijua, ndiyo kazi yangu ya kila siku, ninawalisha wenye nao uji kwa kijiko. Mama mwenyewe hakuzunguka. Jumapili moja aliniambia kwenye simu, kwa ile sauti yake ya ubaoni: "Mwanangu, nataka nimsikie mjukuu wangu akiniamkia kwa mdomo wake mwenyewe, wakati bado najua ni nani anayeniamkia."

Basi. Hakutaka safari wala zawadi wala dawa za kutoka Ulaya, kama anavyoiita Australia. Alitaka shikamoo ya mjukuu wake, tena mapema.

Mjukuu mwenyewe ni binti yangu wa pekee, ana miaka kumi na mmoja. Nilimpa jina la bibi yangu, mama yake mama, na kwa sababu hiyo mama yangu, akiongea naye, hajawahi kumwita mjukuu. Tangu yuko kwenye nepi anamwita "mama". Ndivyo ilivyo kwetu, mtoto akirithi jina la mkubwa anarithi na heshima yake, na wakubwa hufurahia kumtania hivyo. Kiswahili binti yangu anakielewa chote. Ukimsema nyuma ya mlango anasikia. Ila akifungua mdomo kinatoka Kiingereza, na hapo nina hasira na watu wawili. Wa kwanza ni mwalimu wake wa awali, aliyeniambia tuongee Kiingereza nyumbani ili mtoto asibaki nyuma. Wa pili ni mimi, niliyeitikia "yes" kama kondoo. Jamani, mtoto wa mwalimu mzima!

Halafu binamu zake wakamalizia. Siku moja akiwa na miaka saba, joto kali la Penrith, akawaambia kwenye simu, "Mimi ni moto." Alitaka kusema anasikia joto. Watoto wa dada yangu walicheka mpaka wakalala chini, na simu nzima ikawa ni hiyo, moto, moto, waiteni zimamoto. Tangu siku hiyo akafunga mdomo. Akipewa simu ya Bibi anatabasamu, anapunga mkono, anarudisha simu.

Sasa rudini kwenye mchezo. Wewe mchezaji una mgahawa mdogo kijijini. Unapika supu, unalima vitunguu, unapokea wageni. Mimi nilitafsiri ndani ya treni. Walinitumia jedwali: kushoto Kikorea, katikati Kiingereza, kulia visanduku vitupu vya kwangu. Kila sentensi ya Kikorea ilikuwa na kisanduku kimoja tu, na ikijirudia mahali pengine mchezoni, mashine inachota kutoka kisanduku kile kile. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Wageni wangu walikaribishwa, walipewa maji ya kunawa, waliambiwa pole na safari. Mama mmoja wa Kikongo tuliyezoea kukaa naye behewa moja, yeye akienda kazini kwenye maghala, alikuwa akisoma begani kwangu na kucheka. "Mambo hii ni ya kwetu kabisa!"

Ndipo nikamfikia bibi mwenye kikapu. Kila asubuhi anapita mbele ya mgahawa wako. Unamgusa, unamsalimu, anajibu, anakupa mbegu. Kwa Kikorea, mwenye mgahawa anasema "annyeonghaseyo", na bibi naye anajibu "annyeonghaseyo". Neno moja kwenda, neno lile lile kurudi, kwa hiyo kisanduku kimoja.

Nijaze nini? Nikiandika shikamoo, bibi kizee atamwamkia mtoto wa juzi. Nikiandika marahaba, mtoto ataitikia kabla hajaamkiwa, yaani kajifanya mkubwa wa bibi. Nikiandika "habari", bibi wa watu anasalimiwa kama muuza vocha. Nilishuka Westmead sijajaza kitu, na zamu nzima kisanduku kile kilikuwa kinanikera.

Nikaenda Strathfield siku yangu ya mapumziko. Mwanamke aliyekuwa akisimamia lugha akaniambia kwa upole nichague kitu cha katikati. Nikamwambia kwetu hakuna katikati. Shikamoo inapanda, marahaba inashuka, na ukizigeuza umemtukana mtu. Hakuelewa. Aliyeelewa ni mzee wa kompyuta, baba wa makamo mwenye mvi, aliyekuwa kimya pembeni na bakuli lake la tambi. Akaniomba nimwonyeshe. Nikasimama katikati ya kile chumba, nikawa mtoto, nikapiga goti kidogo, shikamoo. Nikageuka, nikawa bibi, nikanyoosha mkono juu ya kichwa cha mtoto, marahaba mwanangu. Yule baba akacheka, akainuka, akanimiminia chai na kunipa kikombe kwa mikono miwili, kama wanavyofundishwa watoto kwetu. Kwa Kiingereza chake cha kukatakata akaniambia kwamba kwao pia, angemsalimu babu yake ovyo, kandambili ingeruka.

Akakaa kwenye mashine. Akaongeza kisanduku cha pili kwa mkono, kimoja cha mdogo, kingine cha mkubwa. Pembeni akaandika maneno ya Kikorea kwa rangi nyekundu. Nikamuuliza anaandika nini.

"Usiunganishe," akasema.

Siku ile nilirudi Penrith nimefurahi kama niliyejifungua salama. Shikamoo ya mama yangu ilikuwa imepata chumba chake ndani ya simu za watu.

Mchezo ukawaka. Sijui uliwakaje, mambo hayo wanayajua wenyewe, ila niliona kwa macho: chumba cha juu ya duka la mikate kikawa ghorofa moja Parramatta, ghorofa moja ikawa mbili, feni ikawa kiyoyozi, watu watatu wakawa umati wa vijana wenye vitambulisho shingoni wanaokunywa kahawa ya rangi ya kijani. Mwanamke wa lugha akaondoka. Yule mzee wa kompyuta akarudishwa Seoul. Mimi nikaletewa barua pepe: wamebadilisha utaratibu, kuanzia sasa mashine itatafsiri, wananishukuru kwa kuwa sehemu ya safari yao. Safari gani? Safari yangu mimi ni Penrith na Westmead, nayo naijua kila stesheni.

Iliniuma, nikameza. Nilijua kazi za vibarua ndivyo zilivyo. Nilijiambia kwamba angalau nilichoandika kimebaki. Jina langu lenyewe lilikuwa pale, mwisho wa mchezo, kwenye orodha ya waliofanya kazi. Nilikuwa nimelipiga picha nikamtumia dada yangu, akaonyesha mtaa mzima.

Ilipofika siku mama aliposema anataka shikamoo ya mjukuu, nikapata wazo, nikajiona mjanja. Binti yangu alikuwa akiucheza mchezo ule kwa Kiingereza, shule nzima walikuwa wanaucheza. Nikamkalisha. Nikamwambia, ubadilishe uwe wa Kiswahili. Maneno yote mle ni ya mama yako, nimeyaandika mimi. Fuata salamu za yule bibi mwenye kikapu, zisome kwa sauti, hakuna atakayekucheka. Kisha nikasema neno ambalo natamani ningejing'ata ulimi kabla ya kulisema: "Soma kama ilivyoandikwa, usibadilishe hata herufi."

Mngemwona! Alijifungia chumbani kwake kila alasiri baada ya shule. Nikirudi kutoka kazini namsikia ananong'ona nyuma ya mlango, nikikaribia ananyamaza. Alikuwa anataka kunishtukiza. Nikamwacha. Nilikuwa napita koridoni kwa vidole, natabasamu peke yangu kama mwendawazimu, na sikufungua mlango hata siku moja nikasikiliza. Hata siku moja!

Jumapili ikafika. Tulitoka kanisani, tukala, saa kumi na moja jioni ya huku ni asubuhi kule Tanga. Dada yangu akapiga kabla hatujapiga sisi. Akaniambia kwa haraka, kwa furaha, kwamba mama ameamka vizuri kuliko wiki nyingi. Ameomba kanga yake mpya. Ameketi barazani anamwambia kila anayepita, "Leo mjukuu wangu wa Australia ataniamkia." Amesema mjukuu, sikilizeni. Amemtaja na jina. Asubuhi ile mama yangu alikuwa anajua.

Nikampa binti simu. Akaketi wima kwenye kochi, akaishika kwa mikono miwili. Alikuwa amesuka, amevaa gauni la kanisani. Mama akatokea kwenye kioo, uso mwembamba, kanga begani, amejiandaa kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Binti yangu akavuta pumzi.

"Marahaba, Bibi," akasema.

Kwa sauti safi, tena! Kila herufi mahali pake. Mimi nikahisi kama nimemwagiwa maji ya moto. Kule Tanga nikamsikia dada yangu, "Ala! Kaitikia kabla hajaamkiwa!" na kicheko anachojaribu kukimeza. Binti akanitazama. Aliona usoni kwangu kwamba amekosea, hajui nini. Nikanyoosha mkono nimnyang'anye simu.

Kabla sijaifikia, mama aliinama. Mama yangu, mwalimu, aliyewarudisha nyuma watoto wa mtaa mzima waliompita bila salamu, alipiga goti pale barazani akiwa ameshika mkono wa kiti.

"Shikamoo, mama," akasema.

Kwanza nilidhani ni utani. Si alimwita mama siku zote? Nikafikiri, ah, mzee kaokoa jahazi, kamtania mtoto asione aibu. Na binti yangu, aliyekariri mchezo wote, akaendelea na mstari unaofuata, ule wa mwenye mgahawa kumuuliza bibi kama amekula.

"Umeshakula?"

"Bado, mama," mama akajibu. Sauti haikuwa ya ubaoni. Ilikuwa ya mtoto. "Nilikuwa nakungoja wewe. Mbona umechelewa? Wamenificha viatu vyangu vya shule."

Dada yangu akaacha kucheka. Nami nikaelewa, nikakaa sakafuni. Fikirini wenyewe. Mama yangu ni mtu mzima kuliko wote pale mtaani. Wakubwa zake wote wamekwishazikwa. Hakuna aliyebaki duniani wa kumwambia yeye marahaba. Neno hilo, kwa masikio yake, lilikuwa na mdomo mmoja tu: mdomo wa mama yake. Na aliyekuwa kwenye simu ana jina la mama yake, na labda hata uso. Alikuwa ameketi anamngoja mjukuu, akaja mama yake, akainuka akaenda naye.

Kesho yake kwenye treni nikaufungua mchezo mwenyewe. Lo! Salale! "Chemchemi imewasili," mchezo ukaniambia, ukimaanisha majira ya maua. Wageni wakaletwa, "Mgeni imekaa." Kisha nikaambiwa nimenye mashua, niikate vipande vinne, niwape wageni. Baadaye rafiki yangu wa Kikorea alinieleza kwamba kwao tunda la peasi na mashua vinaitwa neno moja, mashine ikachagua inachotaka. Mama wa Kikongo alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nilikuwa namngoja bibi mwenye kikapu. Akaja. Nikamgusa.

"Marahaba," mimi nikasema.

"Marahaba," bibi akajibu.

Wameunganisha. Visanduku viwili vimerudi kuwa kimoja, na kilichobaki ni cha chini, kile cha mkubwa. Nikaenda mpaka mwisho wa mchezo, kwenye orodha ya majina. La kwangu lilikuwa bado lipo. Maneno yangu mengine wameyatupa, jina langu wameliacha libebe mzigo wa mashua.

Sikushuka Westmead. Nilipiga simu kazini nikasema naumwa, na haukuwa uongo, nikaenda moja kwa moja Parramatta. Mapokezi wakaniuliza kama nina miadi. Nikawaambia miadi yangu ni mama yangu. Nadhani waliogopa, maana baada ya muda alikuja meneja, binti mrembo mwenye tabasamu la daktari wa meno, akaniingiza kwenye chumba cha vioo. Nikamweleza. Akasikiliza kwa adabu, anaandika. Akaniambia kwamba walisafisha jedwali, wakaondoa mistari inayojirudia ili mchezo uwe mwepesi. Nikamuuliza kuhusu maandishi mekundu ya Kikorea. Akasema walidhani ni maelezo ya zamani.

"Kulikuwa na neno moja tu pale," nikamwambia. "Usiunganishe."

"Naelewa," akasema. "Lakini hello ni hello, si ndiyo?"

Hapo nilisimama. Nikafanya tena yale niliyoyafanya juu ya duka la mikate, ila safari hii kwa hasira. Nikapiga goti, shikamoo. Nikageuka, nikanyoosha mkono, marahaba mwanangu. Nyuma ya kioo vijana wa kahawa ya kijani walikuwa wamesimama wanatazama kama niko kwenye runinga. Nikapiga goti tena, nikamwambia meneja, mama yangu alipiga goti hivi, mbele ya mtoto, kwa sababu yenu. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Yule binti wa watu hakujua aangalie wapi. Alinisukumia boksi la karatasi za kujifutia, kwa mkono mmoja. Akaahidi kwamba maoni yangu yatafanyiwa kazi kwenye toleo lijalo.

Maoni! Haya.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Nilimkalisha binti mezani nikamweleza kwamba shikamoo ni yake, marahaba ni ya Bibi, kwamba mchezo umeharibiwa na si kosa lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha, kwa Kiingereza na kwa utulivu ulioniumiza kuliko kelele, kwamba mimi ndiye niliyesema asibadilishe hata herufi. Akaingia chumbani. Jumapili iliyofuata hakutoka kuja kwenye simu, na ile nyingine pia. Kila Jumapili dada yangu ananiambia mama anauliza mama yake yuko wapi, na kila Jumapili najua kwamba zile siku zinakwenda na hazirudi.

Jumapili ya tatu akatoka mwenyewe. Alikuwa amejizoeza, safari hii mlango wazi, na mimi nilikuwa nimesikiliza. Akaketi kwenye kochi lile lile. Mama akawekwa mbele ya simu kule Tanga, amekonda zaidi, hana kanga mpya. Binti yangu akasema, sawasawa kabisa, kama mtoto aliyezaliwa Ngamiani, pale pale Tanga:

"Shikamoo, Bibi."

Mama akamtazama. Akatazama nyuma ya simu. Uso ukaanza kukunjamana.

"Huyu nani?" akamuuliza dada yangu. "Huyu mtoto wa nani? Mama yuko wapi? Mlisema mama atakuja!" Akaanza kuinuka, akaanza kulia, na dada yangu anamshika mabega anambembeleza na mama anamsukuma.

Nikasema tukate simu. Binti yangu hakukata. Aliirudisha karibu na uso, akasubiri mama atazame, akasema polepole, "Marahaba. Umeshakula?"

Mama akatulia. Akaketi. Akafuta uso kwa kiganja, akapiga kigoti kidogo pale pale kwenye kiti.

"Shikamoo, mama. Bado. Nilikuwa nakungoja."

Wakaongea. Binti yangu akamuuliza atakula nini, mama akasema uji, binti akamwambia ale wote, asibakize, na mama akaahidi. Kiswahili kikamtoka mtoto bila kukwama, cha kimama kabisa, cha kuamuru. Hakuna binamu aliyecheka. Dada yangu alikuwa analia nje ya kioo, namsikia.

Simu ilipokatika binti aliiweka mezani na kuigeuza kifudifudi. Nilidhani ataenda chumbani. Akabaki. Na aliponiuliza, aliniuliza kwa Kiswahili, mimi mama yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ya zimamoto.

"Mama, sasa shikamoo yangu nitampa nani?"

Nilitaka kumjibu Bibi atapona, nikashindwa. Nilitaka kuwalaani tena wale wa Parramatta, na nilikuwa na maneno tele. Lakini nilikuwa namtazama mtoto ambaye miaka kumi na mmoja amekuwa akiamka ndani ya nyumba yangu, ananipita koridoni na "hi, Mum", na mimi najibu "hi" nikitafuta funguo, na hata asubuhi moja sikumrudisha. Nilihangaika hadi Strathfield kuipatia shikamoo kisanduku chake, na nyumbani kwangu sikuipa.

"Nipe mimi," nikasema.

Akafuta mikono kwenye gauni. Akapiga goti kidogo, hakujua vizuri goti lipi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikamwekea mkono kichwani.